Blanketi la Mkwe Juu ya Transista

Kisaka, Jumamosi, Septemba 1959. Jua limewaka tangu asubuhi na mimi nimewaka nalo.

Leo mnadani amplifaya yangu, boksi la kukuza sauti ya karani anaponadi, imekufa mbele ya watu wote. Nimeihangaikia miezi minne: transista mbili zilizokuja kwa posta kutoka Nairobi, betri za tochi, spika moja. Karani wa mnada aliniahidi kwamba ikifika ng'ombe wa mwisho bila kukwama, kazi ya minada yote ya huku ni yangu. Ikikwama, atamwita fundi wa Musoma, yule mwenye maringo anayetembea na betri ya gari.

Ilianza vizuri, sauti safi kabisa. Kisha akaja baba mkwe, Mzee Marwa, akavua blanketi lake zito akalifunika boksi. "Hapa kuna macho mabaya mengi," akasema, akaketi kando yake.

Blanketi. Juani. Juu ya transista.

Transista ikipata joto hupitisha umeme zaidi, na umeme ukizidi, joto nalo huzidi, mpaka ijiunguze. Mtu mwingine ningemsukuma. Lakini kwetu Wakurya mkwe hasogelewi ovyo, sembuse kumwondolea blanketi hadharani. Nikasimama mbali nikiisikia sauti ikikwaruza, ikizama, ikizimika.

Namchukia mzee yule. Naandika hivyo kwa sababu hajui kusoma.

Ila humu sitadanganya. Kuna rezista ndogo ya kuibana transista isikimbie na joto. Niliijua. Niliitoa Alhamisi kwa sababu ilipunguza sauti, nami nilitaka sifa, nisikike hadi kijiji cha pili. Hata bila blanketi, jua la saa saba lingeimaliza.

Hilo sikulisema. Mzee Marwa alisimama akamnyooshea kidole Bhoke, mjane anayeuza uji pale mnadani. "Ni huyu. Tangu asubuhi analitazama hilo boksi." Watu wote wakageuka. Karani akanitazama mimi fundi, anisikie nasemaje.

Nikaitikia kwa kichwa. Mjinga mimi, na mwoga.

Karani kaniambia nijaribu tena mnada ujao, maana kosa si langu. Uji wa Bhoke haukununuliwa tena.

Jioni hii nimerudisha rezista na kuijaribu transista iliyopona, kando ya mafiga yenye moto. Haikuyumba hata kidogo. Nikiwa hapo, binti wa Bhoke akaja kuchota maji kisimani kwetu kama kila siku. Mke wangu akamfukuza: "Mwambie mama yako abaki na macho yake huko." Nilisikia kila neno.

Nikanyamaza tena.

Kesho Jumapili wote watakuwa kanisani, karani, mkwe na Bhoke. Nikisimama nikasema ukweli, kazi inaenda Musoma. Na nikinyamaza mara ya tatu?