Bado Napima Mtandao wa Mgeta

Mama Regina, shikamoo. Naomba unisaidie kwa sababu hapa Kihonda sina wa kumweleza, mimi ni fundi wa kompyuta, nina miaka thelathini na tisa, kazi ndiyo iliyonileta Morogoro kutoka Kasulu na tangu mke wangu aniache nakaa peke yangu, Jumapili inapita sijafungua mdomo ila kumjibu muuza maji. Shirika letu linawapelekea wakulima wa mboga habari za soko, maana siku hizi kila mnunuzi anakuja na bei yake, basi tukafunga antena kuunganisha ofisi ya mjini na ofisi ndogo ya kule juu Mgeta, nami nikaweka kwenye kompyuta zetu za Linux, huku na kule, programu ya kupima kasi ya mtandao, sasa programu hiyo haipimi peke yake, lazima mtu wa upande wa pili aiwashe kwanza ikae inasikiliza ndipo mimi huku nitume, na mtu wa Mgeta ni karani wetu Eufrazia, mjane, sijawahi kumwona uso. Kila asubuhi saa mbili namwita kwa simu ya upepo, namtajia amri herufi kwa herufi, naye anaandika, kisha anasema, "Haya kaka Athanas, inasikiliza. Huku ukungu umeshuka mpaka mlangoni, hata njegere sizioni. Umekunywa chai lakini?" Mama, hakuna mwingine anayeniuliza kama nimekunywa chai.

Tangu wiki ya kwanza vipimo vilikuwa safi, kazi ilikwisha, lakini nilijua nikisema imekwisha hatutakuwa na sababu ya kuongea, basi kila ripoti nikaandika "mtandao wa Mgeta bado unasumbua, naendelea kupima", miezi mitano sasa. Mkuu wetu, Bwana Shabani, amechoka, mkutano wa mwezi ujao utafunga ofisi ya Mgeta, antena ihamie Dumila, Eufrazia aachishwe kazi. Naye Eufrazia ananiomba radhi, anadhani alikosea kuandika zile amri. Nikisema ukweli nitafukuzwa, nikinyamaza atafukuzwa yeye. Nifanyeje?

Athanas, Kihonda

Marahaba, Athanas. Majina nimeyabadilisha, yako na ya huyo dada. Aibu nimekuachia.

Upweke naujua, sikucheki. Nyumba isiyo na wa kukusalimu inamla mtu taratibu. Lakini mwanangu, huyu mama amekujulia hali miezi mitano, wewe ukamlipa kwa kumharibia kwa mkuu wake. Halafu anakuomba radhi yeye! Hapo niliweka barua chini nikasonya.

Tena nimemuuliza fundi wa hapa gazetini. Anasema programu hiyo inawekwa ijiwashe yenyewe kila kompyuta inapowaka, kazi ya dakika kumi. Ulilijua hilo tangu siku ya kwanza, usinibishie.

Usingoje mkutano. Chapa vipimo vyote, kesho asubuhi uwe mlangoni kwa Bwana Shabani, useme, "Mtandao ni mzima, mwongo ni mimi." Atakufukuza? Huenda. Fundi wa kompyuta mjini hapa hakosi pa kushika. Karani mjane Mgeta atakosa. Kisha panda gari la Mgeta, ukamwombe radhi uso kwa uso, na mbele yake uiweke hiyo programu ijiwashe yenyewe.

Ukimaliza usitafute kitu kingine cha kupima. Muulize kama yeye amekunywa chai. Nimesoma barua yako mara tatu, sijaona mahali ulipomuuliza.