Mayu, Nyimbo za Masanja Hazina Mtu wa Kuzikataa

Didia

Mayu,

Shikamoo, mama yangu. Najua hakuna wa kuniitikia marahaba, lakini ningeanza kuandika bila kukuamkia ungenirudisha mlangoni nianze upya, na siku hizi sina nguvu za kurudishwa. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho nilichofundishwa kuandikia kule misheni. Wewe hukusoma, na Kiswahili ulikitumia kwa wenye maduka tu, tena kwa kuwagombeza. Nisamehe. Nikisema nawe moyoni nasema kwa Kisukuma chetu, ila mkono wangu haukufundishwa njia hiyo.

Tangu tukuzike tumevuna pamba mara moja, na sasa mvua zimeanza tunalima tena. Yule mbuzi wako mweupe amezaa mapacha. Paa la jiko limelegea upande mmoja na nimeliegemeza kwa mti, ungeliona ungenisema. Mimi sijambo. Nasema sijambo kwa sababu ndivyo watu husema.

Hayo ni ya nyumbani. Lililonifanya nitafute karatasi ni Masanja na wimbo wake.

Mwanao ameimba wimbo juu yako, mayu, na umo kwenye santuri. Nilikwenda Shinyanga mjini kununua chumvi, nikamsikia kaka yangu akiimba ndani ya gramafoni kwenye duka la Mhindi, watu wamejaa barazani hadi njia haipitiki. Nilisimama nikajisikia fahari, sitakuficha. Jina la kijiji chetu limo, jina lako limo, gitaa linatembea vizuri. Kisha nikasikiliza maneno. Anamwimba mama mpole asiyewahi kumkaripia mtoto, mwenye sauti laini, aliyembembeleza kila alipokosea. Nikawatazama wale watu mmoja mmoja, nikijiuliza huyo ni mama wa nani.

Nakumbuka nyimbo zilivyokuwa zikipimwa shambani. Kikundi chetu kikialikwa kulima kwa mtu, wapiga ngoma walitangulia, manju akaimba mbele, sisi na majembe tukafuata tumejipanga mstari. Wimbo ukiwa mzima, majembe hupanda na kushuka pamoja hata mtu akasahau kwamba ana mgongo. Ukiwa na ubovu mstari unaanza kuyumba: huyu anawahi, yule anachelewa, udongo unawarukia watu miguuni. Hapo ndipo uliposimama, ukaegemea mpini, ukasema neno moja: "Yaya." Hapana. Ngoma zikanyamaza. Manju mzima na ndevu zake akageuka nyuma, akakungoja useme ubovu uko wapi. Nawe ulikuwa ukiusema mbele ya watu wote, bila kuutia asali.

Masanja alipoanza kuimba mbele ya mstari alijisifia ng'ombe wa baba yake. Ukausimamisha mstari wote. Ukamwambia, "Baba yako ametuachia ng'ombe wawili, na mmoja kiwete. Mwimbe huyo kiwete." Watu walicheka hadi wakakaa chini. Masanja alinuna kutwa nzima. Kesho yake akamwimba yule ng'ombe kiwete, jinsi alivyokuwa akifika majini wa mwisho, akakuta wenzake wameyavuruga, naye akanywa hivyo hivyo. Majembe yalikwenda mpaka mwenye shamba akalalamika kwamba tumemaliza kazi na chakula bado hakijaiva.

Na kwenye mashindano ya baada ya mavuno, Bagika upande huu na Bagalu upande ule, kila kundi na ngoma zake katika uwanja mmoja, hakukuwa na mtu wa kuandika alama. Watu walihukumu kwa miguu. Walikokimbilia ndiko kulikokuwa na ushindi, na manju aliyekimbiwa aliona kwa macho yake mwenyewe uwanja wake ukibaki mtupu. Ilikuwa adhabu kali. Lakini angalau aliwaona usoni waliomhukumu, nao wakamwona.

Masanja alipokwenda Geita kwenye mgodi wa dhahabu, mambo yakawa mengine. Huko alimkuta askari aliyerudi kutoka vita ya Burma, akamfundisha gitaa. Huko kuna Wahaya, Waha, Wajaluo, Wazinza, watu wa pwani, kila mmoja na lugha ya kwao, kwa hiyo anaimba Kiswahili ili wote waambulie kitu. Hilo sina ugomvi nalo. Mimi mwenyewe naandika nini hapa? Lakini mtu aliyetoka shimoni amechoka haulizi kama maneno ya wimbo ni ya kweli. Anataka kucheza. Akifurahi anamtuza mwimbaji, anamnunulia bia, yamekwisha. Kisha wakaja Mwanza watu wa santuri na mitambo yao, wakamwita, akaimba. Nayo santuri haigeuki nyuma kukungoja useme. Uipende, uichukie, itamaliza wimbo wake.

Siku hizi yuko karani mmoja huko Mwanza ambaye gazeti limempa kazi ya kuandika juu ya nyimbo: huu mzuri, huu mbaya, huu msiukose. Ungecheka, mayu. Kazi uliyoifanya na jembe mkononi sasa ina meza na kiti. Ameandika kwamba kila mwenye mama akiusikia wimbo wa Masanja atatokwa na machozi. Niliwasomea wanawake gazeti hilo shambani kwa Mama Shija, yule mwenzako wa mstari, tulipokuwa tumepumzika. Mama Shija alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Huyo aliyeandika, wimbo ulipoimbwa alikuwa amesimama wapi?" Nikamwambia nadhani alikuwa amekaa. Akatikisa kichwa, akarudi kwenye jembe lake.

Sitaki kumdharau yule karani. Amesema gitaa la Masanja linaongea, na hapo kasema kweli. Wewe usingelisikia hilo, ungeliita kelele za waya. Na bila yeye watu wengi wasingejua kwamba Didia ina mtu. Lakini amemsifu mwimbaji asiyemjua kwa kumlilia mama asiyemjua. Mwalimu alitufundisha kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nilikuwa nikiikariri methali hiyo bila kuifikiri.

Tuliporudi kwenye mstari siku ile, wanawake wakauanza wimbo wenyewe, ule ule wa kukulilia wewe. Mayu, majembe yalipanda pamoja. Hakuna aliyewahi, hakuna aliyechelewa. Wasichana walikuwa wakicheka na kurushiana maneno katikati ya ubeti unaosema umelala udongoni. Mama Shija akanigeukia na jasho lake, amefurahi, akasema, "Wimbo mzuri huu, unalima." Hakukusudia ubaya.

Nilisimama na mpini mkononi. Ulipokufa hakuna aliyegusa jembe kijijini mpaka tulipomaliza matanga, ndiyo mila, na hata mila isingekuwapo hakuna ambaye angeweza. Sasa kilio chako kinalima pamba kuliko nyimbo zote za msimu huu. Nililia. Walidhani nimeguswa na wimbo, wakanipa pole. Mimi nilikuwa nalia kwa sababu watu wengi sana sasa wanamjua mama ambaye siye wewe, na sisi tunaokujua wewe tunazidi kupungua.

Mwezi huu Masanja amekuja. Lori, kivuko, treni, akafika na gitaa mgongoni na viatu vinavyong'aa. Jioni ile majirani wakajaa uani, akauimba. Makofi, vigelegele. Alipomaliza hakuinuka. Alibaki ameweka kiganja juu ya nyuzi, akatutazama mmoja baada ya mwingine, akaishia kwangu. Mimi nikasifu gitaa. Akashukuru, "Wabeja, Kabula," kwa sauti ndogo, akaingia ndani.

Sikulala vizuri. Nimebaki naye yeye tu. Ndugu aliyekwenda Geita akikasirika hurudi Geita, na barua zake huchelewa, kisha haziji kabisa. Wewe uliweza kumwambia chochote kwa sababu ulimzaa. Mimi ni mdogo wake, nampigia magoti nikimwamkia. Nani kanipa mamlaka ya kumwambia kaka yangu kwamba amekosea kumlilia mama yetu?

Asubuhi nilikwenda shambani peke yangu. Akanifuata, hana gitaa. Alisimama mbele yangu mahali ambapo manju husimama, akanipa mgongo, akaanza kuimba kavu kavu. Nami nikalima. Ubeti wa kwanza nikaupitisha. Wa pili, ule wa sauti laini, mikono yangu ikakataa. Nikasimama. Nikasema, "Yaya, kaka. Mayu hakuwa na sauti laini. Sauti yake ilisikika mpaka kwa mzee Lugembe, na hukuwahi kukosea asikukaripie."

Hakugeuka mara moja. Nikaanza kutafuta maneno ya kuomba radhi. Kisha akakaa juu ya tuta, na viatu vyake vile, akalia. Sikuwahi kumwona akilia hivyo, hata siku ya kukuzika, siku ile alikuwa anapokea wageni. Alipoweza kusema akaniambia, "Tangu tumzike hakuna aliyenikatalia wimbo. Ubeti ule nilijua ni wa uongo. Niliuimba Geita nikingoja mtu aseme, wakanipigia makofi. Nikauimba Mwanza, wakanipigia makofi. Gazeti likanisifu. Ndipo nilipojua kwamba mayu amekufa kweli."

Nilikaa naye kwenye udongo. Tulilia pamoja, kisha tukaanza kukumbuka matusi yako, moja moja, tukacheka mpaka tukaona aibu. Nadhani hayo ndiyo yalikuwa matanga yetu.

Santuri imeshatoka, hairudi. Yule mama mpole ataendelea kuimbwa kwenye mabaraza ya watu, na karani ataendelea kumsifia. Hilo hatuna la kulifanya, na pengine wapo wenye mama wa namna hiyo, wacha wimbo uwafae. Lakini Masanja ameamua kukutungia mwingine, kwa lugha yetu. Hajali kama watu wa santuri watautaka. Ameomba ruhusa mgodini, hatarudi mpaka uishe.

Basi mayu, nakuacha upumzike. Udongo wa Didia ulikuchosha vya kutosha ulipokuwa hai, sasa nao ukubebe taratibu. Sitakuahidi kwamba nitaacha kukulilia. Nakuahidi hili moja: maadamu nina pumzi, mwanao hatakosa mtu wa kumkatalia, akinuna na anune, na siku akiimba kweli nitakuwa wa kwanza kuinua jembe. Jana aliniimbia ubeti wa kwanza nikamwambia yaya. Hajanisemesha tangu hapo. Lakini sasa hivi, ninapomaliza kuandika, namsikia uani. Anauanza upya.

Mwanao,
Kabula