Tairi Zenye Tumbo

Jumanne, 5 Februari 1985

Kliniki tena. Tumetoka Vitengeni saa moja asubuhi, tumefika Malindi karibu saa nne. Nimeendesha polepole mpaka baiskeli zikatupita. Mbeyu alilala kiti cha nyuma juu ya godoro la sufi, mikono yote miwili tumboni. Kila gurudumu likikanyaga jiwe namsikia pumzi zinamkatika.

Huu ni mwezi wa tano. Mimba mbili za mwanzo zilitoka mwezi wa nne. Hatujawahi kufika hapa.

Nesi amesema uzi alioshonwa kwenye mlango wa uzazi bado umeshika. Apumzike. Asiinue ndoo. Asirushwerushwe na gari. Hilo la mwisho alilisema akinitazama mimi.

Jumatano, 6 Februari

Nimefundisha hesabu darasa la saba bila kujua ninafundisha nini.

Kosa ni langu. Mwaka jana Mtaliano mmoja wa Malindi aliuza vitu vyake arudi kwao, nami nikachukua magurudumu yake manne. Rimu pana za kung'aa, tairi pana zenye ubavu mfupi. Gari likapendeza. Walimu wenzangu walilizunguka wakilisifu, na mimi nikajiona mtu. Yale magurudumu ya asili nikampa mtu wa Kaloleni. Nilitaka sura. Anayeumia sasa ni mke wangu.

Jumamosi, 9 Februari

Kwa Mzee Swaleh, fundi wa tairi Malindi. Nilimwamkia, nikamweleza habari ya Mbeyu yote, hata ya uzi. Sijui kwa nini. Sijamwambia mtu mwingine.

Hakucheka. Alichutama, akabonyeza ubavu wa tairi kwa dole gumba. Halikuingia.

"Hizi hazina tumbo, Mwalimu," akasema. "Jiwe likija, tairi haiwezi kulimeza. Inalipeleka juu vilevile lilivyo, kwa bibi."

Akanieleza. Nitafute rimu zangu za zamani, zile nyembamba. Atanivalisha tairi ndefu za ubavu laini, aina ya rediali, ambazo yeye huziita redio. Upepo ratili ishirini na nne, si zaidi, na si chini sana, maana mawe ya kwetu yatazipasua. Akazitikisa springi na shokamzoba. Nzima.

Nimerudi na furaha ya kijinga. Nimempata adui anayeweza kufunguliwa kwa spana.

Jumapili, 17 Februari

Jana nimekwenda Kaloleni. Bwana Ngala, muuza tembo la mnazi, alikuwa amefunga magurudumu yangu mawili kwenye mkokoteni wa kubebea mitungi. Mawili mengine yalikuwa bandani, kuku wanataga ndani yake. Nikamwambia tubadilishane. Alidhani namtania. Tulipiga jeki mchana kutwa. Sasa mkokoteni wa tembo unang'aa kuliko gari lolote la Kaloleni. Sikuona uchungu hata kidogo.

Nimelala Kilifi kwa dada yangu. Leo Mzee Swaleh alinifungulia duka japo ni siku yake ya kupumzika. Tairi nne mpya. Alizifunga zile kuukuu kwa kamba, akasema tu, "Mungu amjaalie."

Jumanne, 19 Februari

Kliniki. Barabara ileile, mawe yaleyale. Baada ya nusu saa nikamtazama kwenye kioo, macho ameyafumba. Nikaogopa. Nikasimamisha gari.

Alikuwa amelala usingizi.

Niliendelea kuendesha huku machozi yananitoka. Mtoto mzima, amesema nesi. Moyo unapiga vizuri.

Jumanne, 5 Machi

Kliniki. Salama. Mwezi wa sita.

Nalipima gari upepo kila asubuhi kabla ya kwenda shule. Mama, aliyekuja kumsaidia Mbeyu, anasema nalitunza kama ng'ombe mwenye ndama. Jana wakati wa chakula nilimweleza Mbeyu jinsi nyuzi za tairi ya redio zinavyopita, na kwa nini ubavu wake unajikunja. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema amechoka, akaingia ndani.

Jumamosi, 9 Machi

Nimeegesha gari uelekeo wa barabara. Tangi limejaa. Tairi ya akiba nimeipima. Mbeyu amekaa kizingitini akishona kitu. Nilipokaribia alikiweka chini ya leso.

Alhamisi, 14 Machi

Niliitwa nikiwa darasani, saa tatu. Mbeyu maji yamemtoka.

Gari halikuturusha hata mara moja. Mbeyu mwenyewe alisema, "Endesha haraka, siumii." Nikaendesha haraka. Hatukupata pancha. Mama alimshika kichwa njia nzima.

Mtoto wa kiume. Alizaliwa kabla ya adhuhuri. Mdogo, kiganja changu kilimtosha mgongo. Manesi walimhangaikia. Alipumua mpaka saa tisa.

Ijumaa, 15 Machi

Tumemzika nyumbani, upande wa mihogo. Mbeyu bado yuko hospitali. Hakuwepo.

Jumapili, 17 Machi

Mama amesema, si kwa ubaya, kwamba safari zilikuwa nyingi. Mwanamke mwenye mimba hasafirishwi hivyo. Wazee wawili wa matanga wakaitikia.

Nilitoka nje na panga. Nilitaka kuzikata tairi zote nne. Nilisimama pale muda mrefu. Kisha nikakumbuka kwamba Jumanne ni lazima nimfuate Mbeyu.

Jumanne, 19 Machi

Nilimsubiri daktari ukumbini. Nikamuuliza kama ni gari. Zile safari za mwanzo, kwa magurudumu yale mapana. Alinitazama kama hakuelewa, kisha akaelewa.

"Si gari, Mwalimu. Mlango ulilegea wenyewe. Hata angekaa kitandani miezi yote."

Nilidhani nitafarijika. Sikufarijika. Kama si magurudumu, basi hakuna nilichokuwa naweza kukifanya, na hilo ni zito zaidi.

Njiani nilimweleza Mbeyu alivyosema daktari. Alikuwa anatazama nje.

"Wewe na tairi zako," akasema. Hakupaza sauti. "Wiki zote hizi, Kahindi. Sikumbuki siku uliyoniuliza mtoto anachezaje. Uliniuliza kama gari linanirusha."

Ni kweli. Niliogopa kuweka mkono pale. Niliogopa akipiga teke nitampenda. Nikaenda kushika mpira wa tairi badala yake.

Jumatano, 20 Machi

Hatuzungumzi.

Jumamosi, 30 Machi

Mama amerudi kwake Dabaso kwa kaka yangu mkubwa. Alimkumbatia Mbeyu kabla ya kuondoka. Nyumba kimya. Nimepika mimi, muhogo na nazi. Alikula kidogo. Nikakaa karibu naye mkekani. Hakuondoka.

Ijumaa, 5 Aprili

Ijumaa Kuu. Usiku nilimuuliza. Alikuwa anachezaje? Maneno yalinitoka vibaya, kama ya mgeni. Aligeukia ukutani, nikajua nimechelewa. Kisha akasema, "Asubuhi zaidi. Ukipiga kengele ya shule, yeye anaamka."

Alilia. Nililia. Siwezi kuandika zaidi.

Jumapili, 21 Aprili

Mvua kubwa toka Alhamisi. Barabara imekatika, gari limebaki uani. Tumekwenda kanisani kwa miguu, viatu mkononi. Watu wanalima kila upande. Mbeyu alitembea polepole na mimi nikatembea polepole.

Wakati wa kurudi alisimama kwenye mahindi ya jirani, akayatazama yalivyochipua. Akasema alikuwa amempa mtoto jina. Hakumwambia mtu, maana aliogopa wakimwita mapema atakataa kuja.

"Kitsao," akasema. "La marehemu babako."

Nikalirudia. Akanisikiliza nikilirudia, kisha tukaendelea kutembea. Tulipofika alinionyesha kile alichokuwa anashona. Kofia, nyeupe, haijaisha upande mmoja. Hatukujua tuiweke wapi. Tukaiacha mezani.

Hakuna mahali popote jina hilo lilipoandikwa, wala hospitali wala kanisani. Basi naliandika hapa. Kitsao Kahindi. Alizaliwa tarehe kumi na nne Machi, kabla ya adhuhuri.