Raba Zenye Mkia

Jumatatu, 3 Machi

Zimetoka! Raba zangu. Si kurekebisha mchoro wa mtu mwingine, zangu tangu mstari wa kwanza. Moja ya kijivu, moja rangi ya chungwa. Hazina kamba, unatumbukiza mguu unaondoka. Na soli imechomoza nyuma ya kisigino kama mkia. Gundi (fundi wa soli, tunamwita hivyo maana vidole vyake havijawahi kutakata) kaziangalia weee, halafu akauliza kama bata ana habari kwamba kaibiwa miguu. Karakana nzima ikaangua kicheko. Nikacheka nao. Iliniuma.

Sheria ya kwetu ni moja: aliyechora ndiye anayevaa. Wiki nzima, kila aendako, hakuna kubadilisha. Jumatatu inayofuata Bosi anauliza, zinafaa kuvaliwa kila siku au hazifai? Anataka neno moja, hasikilizi maelezo. Ukisema zinafaa, kalibu ya chuma ya kumiminia soli inakatwa, na chuma kikishakatwa ndio basi tena. Ukisema hazifai, mchoro unaingia kabatini. Sijawahi kuona mchoro ukitoka kwenye kabati lile.

Jumanne, 4 Machi

Watu wanatazama! Dukani dada mmoja kaomba kuzipiga picha. Bwana mmoja nyuma yangu akamnong'oneza mwenzake kwamba huyu kavaa gizani. Potelea mbali. Vidole haviumi, nyayo haziumi.

Mama hazimwingii akilini. Anaziita mabata. Eti hizi ni za kupandia jukwaani, si za kwendea sokoni.

Jumatano, 5 Machi

Tunakaa ghorofa ya tatu. Kupanda ngazi, raha mustarehe. Kushuka, mkia unagusa ukingo wa ngazi, unanisukuma mbele. Kidogo tu. Ukiuweka mguu upande-upande hakuna shida. Nimeshazoea.

Alhamisi, 6 Machi

Mchana wenzangu walipanda kula juu, kwenye mkahawa. Nikasema sina njaa. Nilikuwa nayo, tumbo likinguruma mpaka aibu. Gundi akataka kujua kwa nini siku hizi natembea nikishika kuta kama mgonjwa. Nikamwambia ashughulike na gundi yake. Amenuna. Na anune.

Ijumaa, 7 Machi

Situlii. Nakaa, nasimama, nakaa. Nimechora mkia mfupi, nikaufuta. Nimechora bila mkia — mbona hiyo ni raba ya kila mtu! Mkia ndio mimi mwenyewe.

Bosi kapita mezani kwangu. Kuna duka kubwa limeona picha na limezipenda. Fundi wa kalibu yuko tayari. Akasema ananingoja mimi tu. Alikuwa anatabasamu, na Bosi si mtu wa kutabasamu. Miaka yote hii karakanani, leo ndiyo mara ya kwanza kunitabasamia. Nimefurahi, na nimeogopa. Vyote pamoja.

Jumamosi, 8 Machi

Sijatoka. Siumwi, mvua hainyeshi. Nimefua, nimepanga kabati, nimelipangua, nimelipanga tena. Mama kauliza mbona leo sishuki kununua mkate. Nikasema nimechoka. Akaniangalia miguuni, akarudi jikoni.

Zinafaa. Zinafaa kabisa.

Jumapili, 9 Machi

Naandika harakaharaka.

Nilikuwa bafuni. Nikamsikia Mama akisema vitunguu vimekwisha, anashuka mara moja. Nikaitikia. Natoka — ndala zake zipo mlangoni, raba hazipo!

Nikachungulia ngazini. Mama yangu, mwenye magoti yasiyomruhusu kuinama, kavaa mabata. Kikapu mkono mmoja, mwingine uko hewani hata hajashika chuma cha ngazi. Anashuka anaimba. Anashuka moja kwa moja kama watu wanavyoshuka, si upande-upande kama mimi. Na mkia ukagonga ukingo. Nikausikia.

"Mama! Simama hapo hapo! Vua!"

Akasimama, akashika chuma. Kwanza alidhani kuna nge ndani. Akatazama mguu wa kijivu, akatazama wa chungwa. Hakukasirika. Laiti angekasirika.

"Kwani vina nini?"

Jibu nilikuwa nalo. Nikamwambia tu avue.

Akasema ni vizuri hivi, vimeingia bila hata kuinama, tangu lini yeye kavaa kiatu bila kuniita? Alikuwa ameshaamua kuniomba nimtengenezee vyake. Maneno hayo nimeyangoja wiki nzima, na yamenijia pale nilipokuwa nampigia kelele avue.

Sasa kaketi ngazini, kikapu mapajani. Havui. Eti mimi nimevivaa wiki nzima na sikufa, kwa hiyo kwanza nimwambie vina nini. Nimeingia kumchukulia ndala zake. Naandika nimesimama, ndala ziko kwapani.

Simu inaita mezani. Bosi. Jumapili! Ameshatuma na ujumbe: fundi wa kalibu kafika leo, wananingoja, neno moja tu.

Imekatika. Inaita tena. Na Mama kule ngazini anauliza, kwa upole uleule, vina nini.