Viazi Vinaota Chini ya Kitanda cha Baba

Jumamosi, mwanzo wa Desemba. Mvua ilinyesha tena jana jioni, na leo upepo wa Makambako, ambao haujawahi kuwa na adabu, umeshinda ukitikisa mabati. Nina uchovu ambao sijui niuweke wapi. Naandika nikiwa nimekaa juu ya ndoo jikoni, na udongo umejaa kwenye kucha.

Hadi leo asubuhi mtaa huu mzima ulikuwa umeshapanda isipokuwa sisi. Hata jirani yangu wa upande wa choo, ambaye kila mwaka huwa wa mwisho halafu anasingizia mgongo, matuta yake yamekaa sawa na samadi imo. Siku hizi ananisalimia kwa sauti ya msibani. Sipendi kuonewa huruma na mtu mvivu.

Kwa anayesoma hapa kwa mara ya kwanza, naishi na baba yangu. Alipata kiharusi kwetu Makete wakati wa sakitu, ile barafu nyembamba ya alfajiri, akiwa kwenye vinyungu vyake, vile vishamba vya bondeni, amesimama kutazama viazi vilivyoungua na baridi. Upande wa kulia ukalala. Maneno yakaondoka yote, likabaki moja.

Bado.

Ukimuuliza amelalaje, bado. Ukimuuliza anasikia baridi, bado. Kikinga, lugha yetu, alichotukaripia nacho, alichosali nacho, alichotaniana nacho na wenzake kwenye ulanzi, pombe yetu ya mianzi, hakuna hata silabi iliyosalia. Kimebaki Kiswahili cha sokoni, neno alilozoea kuwajibu madalali waliokuja na magunia yao ya lumbesa, ya kujazwa kupita kipimo, wakati ngozi ya viazi haijakomaa. Walimbembeleza, walimtania, wengine walitishia kwenda kwa jirani. Yeye aliegemea jembe akawaambia bado, na wao wakageuza gari.

Kuja huku hakukubali kirahisi. Kaka yangu Obadia alipoleta gari kumchukua, baba alijikokota hadi stoo akakaa juu ya kiroba cha mbegu za viazi, akashika kamba yake kwa mkono mzima. Tulimsihi weee. Mwisho tukaelewa, kiroba kikapakiwa kwanza, naye akafuata bila shida.

Viazi vilikuwa vimelala. Ndivyo tunavyosema, mbegu imelala, yaani haijaanza kuota. Nilivitandaza kwenye korido juu ya viroba vilivyopasuliwa, mahali penye mwanga kidogo lakini jua halifiki, kama nilivyomwona akifanya tangu nikiwa mtoto. Kila asubuhi, kabla sijaenda kwenye kibanda changu cha kutoa kopi, nilimkalisha pale. Akawa anavigeuza kwa mkono wa kushoto, kimoja kimoja, upande wenye macho utazame juu. Machipukizi yakaja, mafupi, manene, ya zambarau iliyokolea. Siku yalipotokeza, baba alicheka. Alicheka kwa nusu ya mdomo, udenda ukamtoka, na mimi nikaenda kulia nyuma ya nyumba ili asinione.

Nikajiambia mvua zikianza atakuwa amepona. Nilijidanganya vizuri sana.

Sasa tatizo ni hili. Kwetu mbegu haiingii ardhini kabla baba mwenye nyumba hajaweka ya kwanza. Si jambo la kanisa wala la mizimu, ni desturi ya nyumba yetu tu. Anainama, anaweka kiazi kimoja, anakifukia kwa mkono, ndipo sisi wengine tunafuata na ndoo. Baba mwenyewe alianza kuweka ya kwanza mwaka ule babu alipozikwa. Kabla ya hapo alikuwa mtu mzima mwenye watoto, na hakuthubutu.

Mvua ya kwanza ikaja. Nikamuuliza, baba, tupande? Akasema bado. Nikaona sawa, mzee anajua mambo yake, mvua ya kwanza ina tabia ya kuja na kukimbia. Ikaja nyingine, nikauliza, bado. Ikaja ya kulowesha kabisa, ile ya kufanya vyura wapige kelele usiku kucha. Bado.

Katikati ya hayo Mama Upendo, mwenye nyumba wangu, akapata wageni na kuniomba nimwachie korido. Aliomba kwa upole na ana haki yake. Nikahamishia mbegu chini ya kitanda cha baba, kwenye giza. Machipukizi yakarefuka, yakawa meupe na membamba, yakasokotana kama nywele zisizochanwa. Viazi vyenyewe vikaanza kunywea. Aliyekulia Makete hahitaji kuambiwa mbegu ya namna hiyo inaelekea wapi. Kila jioni nilipiga magoti nikachungulia, nikanyanyuka, nikamuuliza baba, akanijibu lile lile.

Wiki iliyopita nikaamua kumjaribu. Nikashika kijiko nikamuuliza, baba, hiki ni kisu? Bado. Nikamuuliza, mimi naitwa nani? Akanitazama kwa upendo kabisa, akasema bado.

Kliniki walishatueleza. Wapo wagonjwa wanaobakiwa na neno moja, na neno lenyewe halina maana yoyote kwao, ni sauti tu iliyopata njia ya kutokea. Niliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa. Sikutaka kuelewa. Kwa sababu kama bado yake si bado, basi hakuna anayenikataza kupanda. Na kama hakuna anayenikataza, ina maana baba hayumo tena humu ndani, nalisha na kuogesha mwili wake tu. Afadhali mbegu zioze kuliko hilo. Ndivyo nilivyowaza, wala sioni aibu kuandika.

Alhamisi kaka Obadia alikuja kutoka Njombe. Kaka yangu anapasua mbao, ni mtu mwema, ila kila kitu kwake lazima kiishe leo. Alichungulia chini ya kitanda, akaguna, akasimama pale pale juu ya baba.

"Panda tu, mdogo wangu," akasema. "Mzee hajui lolote sasa hivi."

Nikamvuta mkono tukatoka nje. Huko nje ndiko akaniambia ametenga mbao nzuri, zimekauka vizuri, ili siku ikifika tusije tukahangaika. Alidhani ananipunguzia mzigo. Nilimkasirikia hadi masikio yakaziba, na ilichukua muda kugundua kwamba dirisha la baba lilikuwa wazi nyuma yetu.

Tangu hapo baba amegeukia ukutani. Uji hataki, supu hataki, maji anayaacha yamwagike shingoni. Jana nilimpondea viazi kwa maziwa, vile alivyopenda mama kumtengenezea enzi za uhai wake. Kila kijiko, bado. Chakula kikapoa, nikakipasha moto, kikapoa tena.

Leo asubuhi nikashindwa.

Kikombe cha uji kilinitoka mkononi, au nilikitupa, sina hakika. Nikapiga magoti kwenye ule uji sakafuni, nikamshika uso nikaugeuza kwangu, nikamuuliza jambo ambalo mtoto hamuulizi mzazi wake.

"Baba, unataka kufa?"

Alinitazama. Jicho lake la kulia siku hizi linachuruzika lenyewe, kwa hiyo sikujua kama analia.

"Bado," akasema.

Nimelia leo mpaka Mama Upendo akaja kugonga mlango. Mwingine angepiga vigelegele, mzee kasema anataka kuishi. Lakini mimi nimemsikia akikiita kijiko bado, nimemsikia akiniita mimi mwenyewe bado. Alinijibu au hakunijibu? Hakuna wa kunieleza. Nimekaa pale sakafuni nikimtafuta baba yangu ndani ya neno moja, na sijampata wala sijamkosa.

Kisha nikachukua jembe. Nisiseme nilikuwa na ujasiri, nilikuwa na hasira tu. Hasira kwa kaka na mbao zake, kwa jirani na huruma yake, kwa mvua inayonyesha bila kumsubiri mtu. Uwanja wa nyuma umejaa vipande vya matofali, kila nikipiga jembe linalia kwenye kifusi. Nikatoa mawe, nikainua matuta, mabaya na yaliyopinda, nikatia samadi aliyonipa Mama Upendo. Nikaenda chini ya kitanda na beseni. Baba alikuwa ananiona. Sikumuuliza kitu.

Kuzitenganisha zile mbegu kulinitoa jasho. Machipukizi yalikatika mengine hata kwa kuguswa tu, na vile viazi vilivyokuwa chini kabisa vilikuwa vimeoza, harufu yake iko mikononi mwangu hata sasa. Vilivyosalia nilivibeba kimoja kimoja kama mayai. Nilipofika kwenye tuta la kwanza nikasimama, nikatazama dirishani kwake. Nikainama, nikaweka ya kwanza mimi, machipukizi juu, nikaifukia haraka kwa mkono nisije nikabadili mawazo. Halafu nikaweka zingine zote bila kusimama, kwa maana ningesimama ningezifukua.

Manyunyu yalianza nikiwa kwenye tuta la mwisho.

Nikaingia ndani kama nilivyo. Nikakaa kitandani kwake, nikamwambia, baba, nimepanda. Nikamwonyesha mikono. Aliitazama. Akaushika mmoja kwa mkono wake mzima, akausogeza puani, akaunusa kwa utulivu, akauachia. Nilimsubiri aseme. Nilikuwa nimejiandaa kabisa kuambiwa bado, nilikuwa na majibu yangu tayari, kwamba mbegu zilikuwa zinakufa, kwamba anisamehe.

Hakusema.

Nikamuuliza kama nimletee uji. Akafungua mdomo. Alikunywa nusu kikombe, taratibu, bila kumwaga, na Mama Upendo aliyekuwa amesimama mlangoni akanyoosha mikono juu akasema Bwana asifiwe, mzee amekubali.

Amekubali. Neno hilo nimelirudia mchana kutwa. Amekubali kula, sawa, nimeona kwa macho yangu. Lakini ni hilo tu alilolikubali?

Kwa maana tangu mchana hajatamka kitu. Nimemuuliza kama mto umekaa vizuri. Nimemuuliza kama anasikia baridi, kama nifunge dirisha, kama amenikasirikia. Ananitazama tu, uso umetulia, kama alivyokuwa akikaa kwenye ngazi ya nyumba yetu baada ya kumaliza kupanda, miguu ikiwa na tope, akisubiri maji ya kuoga. Nimewahi kulichukia lile neno. Kuna siku nilitoka chumbani nikaziba masikio ili nisilisikie. Leo nimemuuliza maswali ya kijinga jioni nzima ili alitoe hata mara moja, na hajalitoa.

Najaribu kujituliza. Pengine koo limechoka. Pengine amefurahi, na furaha yake haina neno. Pengine ataamka kesho akadai kupelekwa nje kuona matuta yangu yaliyopinda, na kwa uso ule wa nusu atanicheka, nami nitamwacha acheke mpaka achoke. Lakini kuna sauti ndani yangu inasema kwamba nilimuuliza asubuhi kama anataka kufa na akanipa jibu, jibu la kweli, la mtu mwenye akili zake. Kisha nikatoka nje kwenda kuweka mbegu ya kwanza mahali pake, kama alivyofanya yeye babu alipozikwa, na dirisha lilikuwa wazi.

Kesho asubuhi, kabla ya uji, kabla ya kanisa, nitapiga magoti pale pale na kumuuliza lile swali tena, hivyo hivyo lilivyo. Ee Mungu, naomba aseme bado.