Masika wa Simu

Jumanne, 13 Julai 2021

Shule bado zimefungwa kwa korona. Nilikuwa nawaambia walimu wenzangu kufundisha kwa simu ni kujichosha bure — leo nameza maneno yangu. Masika wa darasa la sita amenishangaza! Darasani alikuwa anajificha nyuma ya wenzake. Kwenye simu anauliza, anabisha, anacheka. Nampigia kwa namba ya baba yake, mzee Yonasani wa Nyakiyumbu. Nasema tu naomba Masika, napewa. Leo hesabu za sehemu zimemkaa sawasawa. Kuna mtoto analia pale, yeye anambembeleza huku anakokotoa. Mdogo wake, nadhani. Nimefurahi mpaka nikaunguza matoke.

Jumatano, 21 Julai

Idd imepita kimya, bila wageni. Mume wangu Latif analalamika namsifu Masika kuliko yeye. Kweli tupu.

Ijumaa, 30 Julai

Aibu. Leo mzee Yonasani alipokea simu mwenyewe. Nikamsifia binti yake, nikasema huyu atatutoa kimasomaso.

"Masika gani, Mwalimu? Hapa kwangu beko wawili. Kila mama na wake."

Miaka yote hii nafundisha watoto wa Kikonzo, na bado nimeteleza! Binti wa kwanza wa kila mama ni Masika, na mzee ana wake wawili. Mwanafunzi wangu, Masika Gorret, yuko Kyondo tangu tufunge, anamsaidia bibi yake kwenye kahawa. Niliyekuwa nikimfundisha ni Masika Vasta, dada yake wa mama mwingine. Aliacha shule alipopata mimba. Yule mtoto ni wake.

Nikaomba niongee naye. Hakuomba msamaha.

"Mwalimu, uliita Masika. Na mimi niko Masika." Kisha, kwa sauti ya chini: "Somo ya Jumatatu iko?"



Jumapili, 1 Agosti

Mzee amepiga. Gorret ameshuka kutoka Kyondo, simu sasa ni ya Gorret. Nikamsihi wakae wote wawili, waweke sauti kubwa. Amekataa, tena kwa upole: Vasta alipewa nafasi akaichezea, sasa alee mtoto. Nikimfundisha yule, nisipige tena kwake. Nikasema nimeelewa. Sijaelewa. Nina hasira naye. Na mimi je — mwalimu gani asiyejua sauti ya mwanafunzi wake? Gorret hakuwepo muda wote huo na sikugundua. Hilo ndilo linaniuma zaidi.

Jumatatu, 2 Agosti

Gorret kapokea. Anaongea kama anaogopa kuamsha mtu. Nikamuuliza: robo tatu ya kilo ishirini na nne za kahawa ni ngapi? Nikarudia polepole. Mtoto akaguna karibu kabisa na simu, mtu akamnyamazisha.

"Kumi na nane," akasema Gorret.

Nikamuuliza amepataje. Maelezo yakaja kwa sauti nyingine, ya kunong'ona, hatua baada ya hatua — wala si kwa njia niliyomfundisha mimi. Vasta alikuwa anamwelekeza mdogo wake. Nikamsikia Gorret akisema ahaa, kumbe.

Kwa mbali mzee akauliza nani anajibu hapo.

"Ni Masika, baba," akasema Gorret.

Wote walikuwa wananingoja mimi. Nikasoma swali la pili.