Ndege vichwa chini

Careen, usinipigie, siwezi kuongea. Soma tu.

Lile gauni la kwaya ya Heru Juu nililoshona ndege wa kitenge vichwa chini, nikalificha katikati ya mengine. Leo mwenye gauni amekuja, akalivaa pale pale dukani.

Unajua kwa dada Asmahani tulivyo. Ukiharibu unasema mwenyewe, halafu wote tunaacha vyerehani tunafumua pamoja, tunacheka.

Dada akauliza, "Nani kashona hili?"

Nikanyamaza. Careen, mimi nilinyamaza. Mpaka mwenzangu Verediana akanionea huruma, akasema, "Ni mimi, dada."

Dada akageuza gauni, akautazama mshono. Akaniangalia mimi. "Aneth, nimekufundisha mwenyewe. Mkono wako siujui?"

Halafu akasema polepole, "Nimekufokea lini?"

Nimekufokea lini. Mpaka sasa naisikia.

Niliogopa kurudishwa nyumbani Murungu, kumbe hajawahi kumrudisha mtu.

Hajanifukuza. Angenifukuza ingekuwa afadhali. Amechukua wembe, akakaa mlangoni, akaanza kufumua. Wote tukasimamisha vyerehani tukingoja atuite.

Hakuita mtu. Amefumua peke yake mpaka akamaliza.